Mji Uliofutwa Ijumaa

Kila Jumanne na Alhamisi, kipindi cha tatu kilipoanza, karani wa shule alikaa dakika arobaini bila mashine. Laptopu pekee ya ofisi ilikuwa imekwenda darasa la sita, imekumbatiwa na mwalimu wa hesabu kama mtoto mchanga anayepelekwa kliniki. Basi mama huyo alifanya yale aliyoyafanya siku zote: alirudishia mlango, akavua viatu chini ya meza, akamimina chai kutoka kwenye chupa, akatandaza kitambaa mapajani lisije tone likamharibia sketi, kisha akanywa taratibu huku akisikiliza kelele.

Kelele zilitoka ng'ambo ya uwanja, darasa la mwisho karibu na mfereji wa maji ya kunywa. "Usijenge! Hatujagawanya bado!" "Kituo cha basi kisogeze, kisogeze, hapo ni mtoni!" "Meya, umelala?" Karani alizoea kutikisa kichwa na kujisemea, "Watoto wanacheza gemu mchana kweupe, na sisi tunaita hiyo shule." Alikuwa akisema hivyo tangu mwanzo wa muhula, wala hakukuwa na siku hata moja aliyofunga dirisha.

Jumanne hiyo kikombe kilikuwa kimefika nusu alipogundua kwamba hasikii kitu. Hakuna kelele, hakuna kicheko, hata kiti kuburutwa hakuna. Alishusha kikombe, na alipokuwa bado anapapasa viatu kwa vidole vya miguu, mlango ukasukumwa. Mwalimu wa hesabu alisimama pale na laptopu mikononi, midomo imemkauka.

"Mama," akasema, "mji wetu haupo."

Mwalimu huyo alikuwa binti mdogo, mwembamba, mwenye sauti ya kuomba radhi; hata akiita majina ya mahudhurio ungedhani anaomba apishwe njiani. Muhula ulipoanza alikuja ofisini na ombi lake la ajabu. Alitaka kufundisha hesabu kwa gemu la kujenga mji. Unapewa ardhi tupu na mto, unachora barabara, unalaza mabomba, unaweka nyumba, zahanati, vituo vya basi. Ukikosea hesabu, wakazi wa mji huo wanalalamika, wasiposikilizwa wanafungasha virago na kuhama. Watoto arobaini na watatu wangejenga mji mmoja, ukimulikwa na projekta kwenye ukuta. Mkuu wa shule alikubali shingo upande, na karani alimkabidhi laptopu baada ya kumwekesha sahihi kwenye daftari, kwa jicho la mtu anayemkopesha jirani kisu kipya.

Darasa lilikuwa na sheria zake mbili. Ya kwanza, hakijengwi kitu kabla hesabu yake haijafanywa kwenye daftari na kila safu ikakubali jibu. Ya pili ilihusu Meya. Kila wiki mtoto mmoja alishika kipanya akaitwa Meya, na Meya alikuwa na mkono bila mdomo: alibonyeza kile tu ambacho darasa limeamua. Wiki kumi mji ule ulikua hivyo, nyumba kwa nyumba.

"Haupo vipi?" karani akauliza.

"Faili halipo, mama. Nimetafuta kila mahali. Lilikuwa kwenye uso wa kompyuta, hapa kwenye kona, limeandikwa 'mji6 wetu halisi mwisho kabisa mbili'."

Karani alilikumbuka jina hilo neno kwa neno. Alilisoma Ijumaa alasiri na kucheka puani.

Ni hivi: kila Ijumaa, kabla ya kufunga ofisi, mama huyo aliisafisha kompyuta kama anavyosafisha nyumba. Katika miaka ishirini na sita ya ukarani hajawahi kupoteza karatasi hata moja, na siri yake ilikuwa sheria rahisi: waraka halali una tarehe na namba ya kumbukumbu, kisicho navyo ni takataka. Na kwa kuwa mama yake mzazi alimlea akijua kwamba taka hazilali ndani ya nyumba, hakuishia kufuta. Alifungua pipa la taka la kompyuta na kulimwaga lote, akasikia ule mlio mdogo wa karatasi kukunjwa, akaridhika. Ijumaa ile alifuta vitu kumi na moja. Cha tisa kilikuwa mji.

"Nadhani ni umeme," mwalimu akaendelea, kabla karani hajafungua kinywa. "Alhamisi ulikatika kipindi kinaisha, na betri ya hii si unajua ilishakufa. Ikazimika ghafla. Watoto wanasema Meya hakuwahi kusevu, faili likaharibika. Ni umeme tu, eti mama?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Palikuwa wazi kabisa, kama kiti kilichoachwa kwa ajili yake.

"Labda," akasema. "Labda ni umeme."

Mwalimu akashukuru, kana kwamba amesaidiwa, akarudi darasani. Chai ikapoa.

*

Laiti mambo yangeishia kwenye umeme, karani angelala na kosa lake, akalizoea kama mtu anavyozoea kokoto ndani ya kiatu. Lakini umeme hauna uso, na watoto walitaka uso wa kulaumu. Meya wa wiki umeme ulipokatika alikuwa msichana wa safu ya tatu, mdogo kwa umbo, mwenye suka mbili zisizofanana urefu na daftari lililofunikwa kwa karatasi ya kaki. Hadi kufika mapumziko, alikuwa ameshabatizwa jina.

Karani alimwona kupitia dirisha lake. Msichana alikwenda mferejini na kikombe cha plastiki, na kundi zima likajigawa njia mbili kumpisha, kwa heshima ya kejeli.

"Jamani shikeni kuta! Tetemeko linapita!" Huyo alikuwa mvulana waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima.

"Tetemeko, kwetu usije, tumepaka rangi juzi!"

"Nilisevu," msichana akasema.

"Ulisevu wapi, mfukoni?"

Kicheko kikapasuka. "Nilisevu," akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi. Akamwaga maji bila kuyanywa, akarudi darasani. Alasiri hiyo aliomba kuhamia dawati la nyuma.

Siku iliyofuata mwalimu alimtembelea karani tena, safari hii na rundo la madaftari hadi kidevuni.

"Mama, watoto wameamua kuujenga upya. Ule ule, sio mwingine. Kila kitu tulikipigia hesabu kwanza, kwa hiyo mji wote umo humu." Akaugusa mrundo kwa kidole. "Ila umetawanyika. Mmoja ana mabomba, mwingine ana barabara, na miandiko yao... Nimejaribu jana, nikaishia kuumwa kichwa. Mkuu ametuongezea vipindi vya mchana wiki hii na ijayo. Nikasema, kama kuna mtu duniani anayeweza kusoma mwandiko wowote..."

"Weka hapo," karani akasema.

"Najua una kazi nyingi, mama, hata nikikuomba usiku na mchana siwezi kukulipa fadhi..."

"Nimesema weka hapo, mwanangu. Na ufute viatu, unaniletea udongo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, maskini. Moyo ukitaka kupiga magoti, mdomo unatoa amri. Angeweza kuandika barua ya rambirambi ikawaliza wafiwa na majirani zao, lakini ukimsimamisha ana kwa ana na mtu aliyemgusa moyo, atamwambia afunge mlango.

Alibaki ofisini baada ya kengele ya mwisho, akaanza kusoma. Alikusudia kuorodhesha tu: nini, ngapi, wapi. Alidhani atakuta michoro ya magari na majoho ya kifalme, maana hivyo ndivyo alivyoyafikiria magemu. Akakuta hesabu. Akakuta kurasa kwa kurasa za hesabu, zimekatwa, zimefutwa kwa mate, zimerudiwa.

"Tangi lina lita 48,000. Kila nyumba inatumia lita 160 kwa siku. Tumejenga nyumba 420." Chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Nyumba 120 hazina maji. Watu wanahama. Tulijenga kabla ya kugawanya." Na chini zaidi, mwandiko wa mtoto mwingine aliyeazima daftari: "Poleni wakazi."

Karani akacheka peke yake, akachukua kalamu, akagawanya pembeni mwa gazeti. Nyumba mia tatu. Kweli, mia na ishirini zilikuwa zimezidi. Akashangaa kwamba amegawanya. Tangu lini aligawanya kitu kwa hiari?

Alisoma kwa nini zahanati iliwekwa pale ilipowekwa: walipima umbali kutoka kila mtaa, wakatafuta wastani, kisha wakabishana siku mbili kwa sababu Redio alidai wazee wanaishi kando ya mto na wastani haujui kutembea kwa mkongojo. Zahanati ikasogezwa. Alisoma juu ya barabara ya kusini iliyopinda kwa sababu mtu alisoma pembe ya nyuzi themanini kama themanini na nane. Kisha, kwenye ukurasa wa majina ya mitaa, kalamu yake ikasimama.

Mtaa wa Mto. Mtaa wa Kwanza. Mtaa wa Makosa. Mtaa wa Mama Karani.

Kwenye mabano waliandika sababu, kama mwalimu wao alivyowazoesha kuandika sababu ya kila jambo: "Kwa sababu hajawahi kutuchelewesha kompyuta hata siku moja, na anaifuta vumbi kabla hatujapewa. Kura 39 kati ya 43."

Akavua miwani. Akaifuta kwa kitambaa, akaivaa, akaivua tena. Wanne waliokataa hakuwalaumu hata kidogo.

Daftari la kaki alilikuta karibu na chini ya rundo. Hilo halikuhitaji mtu wa kusoma miandiko. Mistari ilinyooka, tarehe zimepigiwa mstari kwa rula, kila uamuzi una saa yake, kana kwamba mtoto yule alizaliwa kwenye masjala. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa ile Alhamisi. "Saa 4:31, tumeweka kituo cha basi Mtaa wa Mto. Saa 4:38, nimehifadhi. Saa 4:40, umeme umekatika."

Karani aliusoma mstari wa katikati mara tatu. Duniani kote kulikuwa na watu wawili tu waliojua kwamba mstari huo ni wa kweli. Mmoja alikuwa ameuandika, naye hakuaminiwa. Mwingine alikuwa amekaa hapo na miwani mkononi.

*

"Kamwambie tu," mumewe akasema. Alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu aliyeamini kwamba mambo yote duniani yana njia ya mkato na njia ndefu, na kwamba mkewe amezaliwa kwenye ile ndefu. Walikuwa wakila chakula cha jioni, na yeye alikuwa amemaliza sahani mbili wakati mkewe anahesabu punje za wali.

"Nilijaribu leo asubuhi. Nilimkuta mferejini peke yake."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia afunge mfereji vizuri."

Mzee akaweka kijiko chini ili acheke kwa nafasi. "Mama watoto! Mfereji?"

"Ulikuwa unadondosha."

"Na mtoto?"

"Akasema, 'Samahani, Mama Karani.'" Akaacha kuhesabu punje. "Baba watoto, yeye ndiye aliyeniomba mimi samahani."

Kicheko kikakatika. Mzee akasogeza sahani, akamtazama mkewe. "Unaogopa nini hasa? Kazi hawakufukuzi kwa gemu."

"Naogopa watakavyonitazama." Hatimaye alilisema hilo, walau kwa mtu mmoja. "Miaka ishirini na sita, mgeni akija, Mkuu anamwambia, 'Karani wangu huyu hajapoteza hata karatasi.' Ndilo jina nililo nalo pale. Jingine sina."

Kesho yake mapema, akiwa peke yake ofisini, alifanya kile alichokimudu. Aliandika barua. Ilikuwa na tarehe, ilikuwa na namba ya kumbukumbu, ilikuwa na kichwa kilichopigiwa mstari: KUHUSU: KUFUTWA KWA MJI WA DARASA LA SITA. Ilianza, "Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Kwa masikitiko makubwa, ofisi hii inakiri kwamba..." Aliichapa nakala mbili. Jioni akampa mumewe asome.

Mzee alisoma hadi mwisho bila kutabasamu, jambo lililomgharimu. "Ni nzuri," akasema. "Ila aliyefuta ni nani humu? Naona 'ofisi hii'. Ofisi ina vidole?"

Karani akampokonya barua.

*

Mji uliinuka upya haraka kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Orodha ya karani, kurasa kumi na nne zilizochapwa kwa safu, ilibandikwa ubaoni, na watoto wakawa wakisoma kwa zamu huku kipanya kikipita safu kwa safu. Yaliyowachukua wiki kumi yakaenda kwa siku chache, kwa kuwa majibu waliyajua na sababu zake walizijua. Mwalimu mdogo alikuwa akija ofisini kila jioni kutoa habari, na kila jioni alishukuru. "Mama, bila wewe tungekuwa bado tunabishana kama ile ni sita au sifuri." "Mama, watoto wanakuita mhandisi." Kila shukrani ilitua juu ya karani kama gunia.

Siku moja alikuja akicheka. "Leo walipofika kwenye barabara ya kusini, nikawaambia sasa wainyooshe, pembe tunaijua. Wamekataa! Redio anasema lazima ipinde vilevile. Nikamuuliza, mnataka kosa lirudi? Akasema, 'Mwalimu, lile kosa ni letu, tulilifanya kwa jasho letu.' Darasa zima likapiga makofi. Nimeshindwa, mama. Imepinda."

Karani alicheka naye. Kisha akauliza, akijifanya anapanga mafaili, "Na yule msichana?"

Mwalimu akashusha macho. "Yuko nyuma. Hesabu anafanya, majibu ni sahihi, lakini zamu ya safu yake ikifika anasema kipanya kipite. Jana nilimpelekea mwenyewe mpaka kwenye dawati. Akaficha mikono chini. Amesema, 'Nikishika utapotea tena.' Nimemwambia ni umeme, mama. Nimemwambia mara ngapi. Haamini, kwa sababu anajua alisevu, na mimi..." Akasita. "Mimi pia simwamini kabisa, na nadhani anaona. Ningetoa chochote kujua ni nini hasa kilitokea."

Karani aliinama akavuta droo, akaifungua, akaifunga. Barua ilikuwa mle ndani. "Nenda nyumbani, mwanangu," akasema, "mvua inakuja."

Mvua haikuja.

Alhamisi ya wiki ya pili, dakika kumi kabla kipindi cha tatu hakijaisha, Redio alibisha hodi ofisini, akiwa amechomekea shati, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. "Mama Karani, unaitwa darasani. Tumebakiza kitu kimoja."

Karani akaichukua barua kutoka kwenye droo. Hakujua atafanya nayo nini. Akavuka uwanja nayo, ameikunja mara mbili ndani ya kiganja.

Darasa lilikuwa limezibwa madirisha kwa kanga kuukuu ili projekta ionekane. Ukutani ulikuwapo mji. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona. Aliujua kwa namba, alijua lita zake na mita zake, lakini hakujua kwamba mto ungemetameta hivyo, wala kwamba mabasi yangekuwa madogo mno na yenye bidii, yakikata kona ya barabara iliyopinda. Kwenye madirisha ya nyumba taa zilikuwa zikiwaka moja moja. Mkuu wa shule alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma, mikono kifuani, akitazama basi moja kama mtu anayelisubiri.

Watoto wakasimama. Wakapiga makofi, tena yale makofi ya kweli, ya kuumiza viganja. Mwalimu wa hesabu akasonga mbele, uso umemwiva kwa haya.

"Tumekuita, mama," akasema, "kwa sababu kibao cha mwisho tumekiacha. Kibao cha mtaa wako. Darasa limepiga kura ukiweke mwenyewe."

"Na safari hii ni kura arobaini na mbili!" Redio akadakia.

"Ndiyo huyo karani wangu," Mkuu akasema kutoka nyuma, kwa furaha. "Hajapoteza hata karatasi. Sema neno, Mama Karani."

Karani akatazama nyuso zile. Akalitafuta dawati la nyuma, akaziona suka mbili zisizolingana. Msichana alikuwa anapiga makofi pia, polepole, na alikuwa akimtazama yeye kwa macho yenye shukrani. Hilo ndilo lililomshinda. Angevumilia kuchukiwa na mtoto yule. Kushukuriwa naye hakukuvumilika.

"Asanteni," akasema. "Kaeni wima. Wewe, chomoa kidole puani."

Darasa likacheka, na mwalimu akacheka, na mambo yangeweza kuishia hapo; alishafanya yale aliyoyafanya siku zote. Akaifungua barua. Akaona "ofisi hii inakiri". Akaikunja tena, akaiweka juu ya meza, akapita katikati ya madawati mpaka nyuma kabisa. Kicheko kikafa safu kwa safu alipokuwa akipita.

"Simama, mwanangu," akasema. Msichana akasimama. "Hapana. Kaa. Ni mimi ninayetakiwa kusimama."

Akashika ukingo wa dawati la msichana.

"Mji wenu haukuchukuliwa na umeme. Niliufuta mimi. Ijumaa ile, jioni, nilikuwa nasafisha kompyuta, nikaona faili halina namba, nikasema ni takataka. Nikafuta, nikamwaga na pipa. Jumanne nilijua. Mwalimu aliponiuliza nilijua, nikasema labda. Nimesoma madaftari yenu yote nikijua."

Nyuma yake alimsikia mwalimu akivuta pumzi. Redio, kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, hakuwa na la kusema. Mkuu alikuwa ameshusha mikono kifuani. Karani hakugeuka kuona wanavyomtazama. Aligundua kwamba hana haja tena ya kujua.

Msichana alikuwa amekunja uso, kama anayetafuta hesabu iliyopotelea mahali.

"Kwa hiyo," akauliza taratibu, "mimi nilisevu?"

"Ulisevu," karani akasema, na sauti yake, iliyozoea kuamuru, ilitoka ndogo na laini hadi mwenyewe akaishangaa. "Ulifanya kila kitu sawasawa, na ukasema kweli, na watu wote wakakucheka, nami nikawa naangalia dirishani. Nilikuacha ubebe aibu yangu siku tisa kwa sababu niliogopa kuibeba. Nisamehe, mwanangu. Na nakushukuru. Nakushukuru wewe, nawashukuru nyote, kwa kunipa mtaa katika mji wenu. Sijawahi kupewa kitu kizuri kama hicho, na nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia tangu siku nilipousoma daftarini."